Mama Gundi na Sherehe Isiyotaka Makombe

Kwa miaka kumi na minne hapakuwa na mtoto mtaani kwao aliyetimiza umri wowote bila Mama Gundi kutia mkono wake. Kazi yake ilikuwa kupanga sherehe za watoto, na kila sherehe aliipa mada: sherehe ya wanaanga, sherehe ya wadudu, sherehe ya wapishi, na mwaka mmoja, kwa mtoto fulani mgumu wa kuridhika, sherehe ya posta, ambapo keki ililetwa mezani ndani ya bahasha yenye stempu. Jumamosi moja ya kila mwezi aliwafundisha watoto wadogo kutengeneza vitu kwa makombe ya baharini. Walitengeneza kobe, bundi, fremu za picha, na vibakuli vya kuwekea funguo ambamo hakuna mzazi aliyewahi kuweka funguo hata siku moja. Watoto hao ndio waliompa jina la Gundi, na jina lilimkaa vizuri, maana mama huyu hakuwahi kutoka nyumbani bila kitu fulani kunata kwenye kiwiko chake.

Sasa basi, mtu huyu aliyejua kumfurahisha mtoto wa kila mtu alikuwa na binti mmoja tu wa kumzaa, na binti huyo hakutaka hata kumsikia akitamka neno sherehe.

Sababu ilikuwa pweza. Binti alipotimiza miaka kumi na mitatu, Mama Gundi alimwandalia sherehe ya chini ya bahari, kisha, bila kuulizwa na mtu, akaingia ukumbini mwenyewe akiwa amevaa pweza. Mikono minane, yote ya soksi zilizojazwa pamba. Mkono wa tano ukanaswa na feni ya kusimama. Feni haikuwa na nguvu ya kumzungusha mtu mzima, ila ilikuwa na nguvu ya kutosha kumkokota kuzunguka meza, na wanadarasa thelathini wakarekodi kila hatua. Muhula mzima binti aliitwa Mtoto wa Pweza. Hata mwalimu wa hesabu alijisahau siku moja akamwita hivyo, akaomba radhi mbele ya darasa, jambo lililozidisha aibu mara mbili.

Kwa hiyo miaka kumi na mitano ilipokaribia, binti alimketisha mama yake jikoni kama mtu anayefanya usaili.

“Mama, nakupa nafasi moja.”

“Nafasi ya nini, mwanangu? Mimi mama yako, sijaja kuomba kazi.”

“Nafasi moja, mama. Ikiharibika, kuanzia mwakani nafanyia kwa mama mdogo.”

Mama mdogo ni mdogo wake Mama Gundi. Alikuwa na nyumba kubwa, makochi meupe yasiyokaliwa, na kwake sherehe maana yake ni kuagiza keki na kuwasha televisheni. Mama Gundi alimpenda sana mdogo wake, lakini tatizo halikuwa hilo. Tatizo ni kwamba aliogopa. Mtoto huyu alikulia kwenye meza ya jikoni, kando yake, akimpa makombe moja baada ya jingine. Siku hizi akirudi shule anapita moja kwa moja chumbani na kufunga mlango. Ikiwa hata siku ya kuzaliwa itahamia kwa mama mdogo, mama mtu atabakiwa na nini? Kumuuliza kama amekula, basi.

Akakubali. Binti akatoa karatasi, akaibandika kwenye mlango wa friji. Mada: Jumba la Makumbusho. Kila mgeni atakuja kama kazi ya sanaa, amesimama mahali pake, na maelezo yake kifuani. Kuta nyeupe. Muziki wa taratibu. Chini yake yakafuata makatazo: maputo hapana, michezo hapana, keki yenye sura hapana, mama kushika kipaza sauti hapana, mama kuonekana hapana, akae jikoni, makombe hapana. Neno la mwisho lilipigiwa mistari mitatu.

“Hata moja dogo? La kushikia kitambaa cha meza?”

“Mama.”

“Nimeuliza tu.”

Mwezi mzima Mama Gundi alijikaza. Alishona vitambaa vyeupe. Alitafuta fremu kuukuu, akazipaka rangi ya dhahabu, akazitazama zikiwa tupu pembeni, mikono ikimuwasha kwa hamu ya kuzipamba, asizipambe. Mumewe alimkuta ameshika tama mbele ya fremu moja, akamuuliza anaumwa nini. “Nimetulia tu,” akajibu, na mumewe akapata wasiwasi wa kweli.

Siku ikafika, Jumamosi. Ukumbi walioukodi ni uleule anaoutumia miaka yote kwa sherehe na kwa darasa la watoto: chumba kirefu, jukwaa dogo upande mmoja, na upande wa pili jiko lenye mlango na kidirisha cha kupitishia vyakula. Saa tisa alasiri wageni wakaanza kuingia, na Mama Gundi, kutoka kwenye kidirisha chake, akakiri moyoni kwamba wamependeza. Kijana mmoja mrefu kama nguzo alikuja amejitanda shuka, uso umepakwa unga, kifuani ameandika: “Mfalme Asiyejulikana. Marumaru. Usiguse.” Msichana mmoja alivaa fremu shingoni iliyokuwa pana kiasi cha kushindwa kupita mlango wa choo, ikabidi apite kiubavu. Na jukwaani, ndani ya fremu kubwa kuliko zote, alisimama mwenye siku yake, kwa gauni la bluu, kidevu juu. Mama Gundi akakodoa macho asome maelezo yake.

“Msichana wa Miaka Kumi na Mitano. Msanii: yeye mwenyewe.”

Yeye mwenyewe. Mama Gundi akasoma tena. Miezi tisa ya mimba, saa kumi na nane za uchungu, na hata shukrani za chini kwa maandishi madogo hakuna. Akajipa moyo kwamba nafasi kwenye kile kikaratasi ilikuwa ndogo.

Alikuwa bado anajipa moyo mlango wa nyuma wa jiko ulipogongwa. Akafungua. Mbele yake walisimama watoto kumi na wawili, kila mmoja na kindoo chake cha makombe. Nyuma yao mlio wa gari la mzazi wa mwisho ulikuwa unaishia barabarani.

“Shikamoo, Mwalimu,” alisema wa mbele, msichana wa miaka sita aliyeng'oka meno manne ya mbele kwa mpigo na ambaye wenzake walimwita Kibogoyo. “Leo tunatengeneza kobe au bundi?”

Hapa inabidi nieleze, maana mtu mwenye akili timamu atauliza: huyu mama hana kalenda? Anayo. Ila Mama Gundi haandiki kwenye kalenda, anagandisha. Kalenda yake iko ukutani jikoni, kaitengeneza mwenyewe: siku ya darasa la watoto anabandika simbi, lile kombe dogo linalong'aa, siku ya sherehe anabandika kombe pana lenye mistari, siku ya kuonana na mteja anabandika kombe dogo lililojisokota. Ukiitazama unaona mwezi mzima kwa jicho moja. Anajivunia sana kalenda hiyo na amewahi kumcheka mdogo wake anayetumia simu. Tatizo ni kwamba kalenda iko juu ya jiko, na kwenye jiko hilohilo ndiko anakochemshia makombe mabichi yasitoe harufu. Mvuke na gundi havipatani. Mtu yeyote anayeitwa Mama Gundi angepaswa kulijua hilo.

Akampigia mumewe.

“Baba nanihii, nenda kaangalie kalenda. Jumamosi ya leo ina nini?”

“Ina lile kombe pana la sherehe,” mume akasema baada ya kitambo. “Na pembeni yake kuna alama ya gundi kavu.”

“Simbi yangu iko wapi?”

Akasikia kabati likifunguliwa.

“Mwezi uliopita kulikuwa na simbi kwenye supu yangu,” akasema mume. “Niliitema, nikaiweka kabatini.”

“Hukuniambia?”

“Mke wangu, miaka kumi na minane nakula kwako. Nilidhani ni pambo.”

Hakukuwa na wa kumlaumu. Akawaingiza watoto jikoni, akawapanga kwenye meza ndefu ya bati, kisha kutoka mlangoni akamwita binti yake kwa ishara za mkono. Binti alishuka jukwaani, akaja hadi mlangoni, akaona vile vindoo. Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga.

“Mama. Makombe.”

“Simbi ilianguka kwenye supu ya baba yako.”

Binti alimtazama kwa namna ambayo daktari humtazama mgonjwa asiyekunywa dawa.

“Hawatatoka humu,” Mama Gundi akasema. “Hawatasikika. Wala mimi sitaonekana. Sherehe yako iko palepale.”

“Akitoka hata mmoja, mama.”

“Hatoki.”

Binti akarudi kwenye fremu yake. Na kwa kweli watoto hawakutoka. Mama Gundi aliwagawia gundi, kadibodi na macho ya plastiki, akawafundisha kwa kunong'ona, nao wakaona kunong'ona ni sehemu ya somo, wakanong'ona pia. Kobe walianza kupata magamba. Kila baada ya dakika tano mwalimu alikwenda kuchungulia kidirishani, na kila alipochungulia roho yake ilizidi kushuka.

Sherehe ilikuwa inakufa. Ametazama sherehe za kutosha kuijua dalili. Vijana arobaini walikuwa wamesimama kila mmoja mahali pake, wameshapigana picha, wameshazituma, na sasa walikuwa wanatazama simu kuona akina nani wamezipenda, ambao ni walewale waliosimama pembeni yao. Mfalme wa marumaru hakuthubutu kucheka asije akapasua unga. Aliyevaa fremu hakuweza kukaa. Muziki wa taratibu ulijipigia wenyewe. Na pale jukwaani binti alitabasamu, akatabasamu, mpaka mashavu yakaanza kumtetemeka.

Mama Gundi alijua dawa. Dakika kumi za mchezo wowote ule, hata wa kijinga, na ukumbi ungechangamka. Lakini mchezo ulikatazwa, kipaza sauti kilikatazwa, na yeye mwenyewe alikatazwa. Akarudi kwenye kobe wake.

Mfalme ndiye aliyeanza. Aliingia jikoni kuomba maji ya kunywa, akanywa kwa mrija ili kulinda midomo, na macho yake yakaangukia meza.

“Shikamoo, mama. Hicho ni kobe?”

“Ni kobe wangu,” Kibogoyo akamjibu, na mate kidogo yakapita kwenye pengo.

“Mbona mguu mmoja mrefu?”

“Anapiga teke.”

Mfalme alifikiri jambo hilo. Kisha akajikunja akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika masikioni, akaomba aonyeshwe. Robo saa baadaye akaja aliyevaa fremu kumtafuta mfalme, akavua fremu ili apite mlangoni, na hakuivaa tena. Wakaja wawili waliokuwa wamejipaka rangi kama chungu cha kale. Wakaja watatu, wakaja sita. Jiko likajaa. Wakubwa wakakaa chini, wadogo wakawa walimu, na kunong'ona kukaisha. Kijana mwenye ndevu zake tatu alikuwa anabishana na mtoto wa miaka mitano kama bundi ana masikio.

Na Mama Gundi? Usimuulize. Alikuwa peponi. Alipita kati yao na bastola yake ya gundi ya moto, hapa anasahihisha jicho, pale anachagua kombe, huku anataniwa na huku anatania. Vijana walewale waliomrekodi akikokotwa na feni walikuwa wanamwita, “Mama, njoo uone changu. Mama, hiki kimekaa sawa?” Miaka miwili alikuwa kichekesho chao, leo wanamgombania.

“Mama, kwa nini hukufanya sherehe yote huku?” aliuliza aliyekuwa na fremu, gundi puani. “Huku ndiyo kwenye raha.”

Moyo wa Mama Gundi ulijaa tele. Akageuka kuelekea kidirishani, na nia yake, tuwe wakweli, ilikuwa kumtafuta binti yake kwa macho ili amwonyeshe ushindi.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Walibaki wageni watatu, na mmoja wao alikuwa amelala. Binti alikuwa ameshuka jukwaani. Alikuwa anapita ukutani taratibu, anaokota vile vikaratasi vya maelezo vilivyoangushwa na wenzake walipoondoka, na kila kimoja anakirudisha pale ambapo mwenye nacho alikuwa amesimama. Anakibandika, anakinyoosha kwa kidole, anaendelea na kingine. Hakuwa analia. Alikuwa anapanga, kama anavyopanga mama yake mambo yakimwendea kombo.

Mama Gundi akaweka chini bastola yake ya gundi. Hakushika kipaza sauti. Hakuvaa pweza. Hakutia mguu ukumbini. Na bado alikuwa amempora mwanawe sherehe nzima, akaileta jikoni kwake, akaifurahia. Angekwenda kumwambia, “Njoo mwanangu, njoo huku nasi,” na binti angekuja, kwa sababu hana pengine pa kwenda, akakaa kwenye meza ya mama yake kama mgeni katika siku yake mwenyewe. Pweza alikuwa afadhali.

Alijua la kufanya na hakulitaka. Maisha yake yote alikuwa anawaita watu mezani. Hakuwahi kumfukuza mtu.

Akavuta pumzi.

“Nani amewaruhusu kuingia humu?” alisema kwa sauti ambayo watoto hawakuwahi kuisikia. “Nauliza. Hili ni darasa la watoto wadogo. Wewe, na ndevu zako, unamnyang'anya mtoto wa miaka mitano simbi zake, huoni haya? Weka chini hiyo gundi.”

Walidhani anatania. Mfalme akacheka, unga ukapasuka.

“Unacheka nini? Umekaa kwenye kiti cha mtoto kikilia hivyo, hukisikii? Tokeni. Wote.”

“Mama, kobe wangu bado hana macho.”

“Atabaki kipofu. Toka.”

Akamnyang'anya kobe. Ilimuuma, maana alikuwa kobe mzuri. Akawasukuma mmoja mmoja hadi nje ya mlango, chungu cha kale hiki na chungu cha kale kile, akamrushia mwenye fremu fremu yake, akafunga mlango, akaweka komeo. Kidirisha nacho akakishusha. Akasimama ameegemea mlango, mashavu yanawaka. Watoto kumi na wawili waliacha makombe yao, wakamtazama.

“Endeleeni,” akawaambia. “Ninyi sijawakasirikia.”

Upande wa pili miguu ilisikika ikikwaruza sakafu. Kisha akaisikia sauti ya mfalme ikisema, “Jamani, yule mama ni mkali hivyo siku zote?” Mtu akacheka. Mwingine akasema yeye kanyang'anywa bundi mzima. Mwingine akasema kafinywa, na huo ulikuwa uongo mtupu. Wakaanza kusimuliana, wote kwa pamoja, kila mmoja akitia chumvi yake, kama watu walionusurika ajali moja. Mtu akamwiga: “Atabaki kipofu. Toka.” Kicheko kikapasuka. Mtu akazima ule muziki wa taratibu akaweka mwingine, na sakafu ikaanza kutikisika kwa miguu. Mama Gundi aliijua sauti hiyo. Ni sauti ya sherehe iliyoshika.

Walimwiga mmoja baada ya mwingine, tena vibaya. Mmoja alimfanya bibi kizee, mwingine alimfanya askari. Alivumilia. Ndiyo kazi aliyojipa, akae hapo achekwe, na alijiambia kwamba kidogo kidogo itaacha kuuma.

Ndipo akasikia sauti ya binti yake.

“Hapana, hapana. Hamumwezi. Zimeni muziki kidogo. Nipisheni.”

Wakampisha. Mama Gundi akabana sikio kwenye mlango.

Binti alianza na simu. Alimwiga mama yake akimdanganya mteja kwamba yuko njiani, huku akitafuta kiatu chini ya kitanda, na akaiga hata kule kuguna kwa kuinama. Ukumbi ukavunjika mbavu. Akaeleza, huku akiiga, anavyojilamba kidole kabla ya kugusa gundi kana kwamba gundi ni ukurasa wa kitabu. Akaiga anavyotembea kurudi nyuma nyuma ili aitazame kazi yake kwa mbali, mpaka anajigonga kwenye friji, na anavyoiambia friji “pole.” Hakukuwa na bibi kizee wala askari. Alikuwa ni yeye, mzima mzima, hata pumzi.

Kisha sauti ikashuka, na waliokuwa wanacheka wakanyamaza ili wasikie.

“Akitaka kutoboa kombe,” binti akasema, “kwanza analishika hivi. Analipuliza. Halafu anaongea nalo.” Na kwa sauti ya mama yake, laini, ile ya asubuhi na mapema jikoni, akasema: “Samahani, ndugu yangu. Ni tundu moja tu. Utaona, utapendeza.”

Mama Gundi alikuwa hajui kama kuna mtu aliyewahi kumsikia akisema hivyo. Miaka ile alidhani anasema kimoyomoyo tu, na pembeni yake alikuwepo mtoto mdogo tu, anampa makombe moja baada ya jingine, na wala hakuonekana kusikiliza.

Mezani Kibogoyo aliacha kobe wake. Aliutazama mlango, akamtazama mwalimu, akautazama mlango tena.

“Mwalimu,” akauliza, “wewe uko kule?”

“Ndiyo, mwanangu, niko kule,” alisema Mama Gundi, na akajifuta macho kwa kiwiko chenye gundi. “Hebu nyamaza kidogo, nipate kusikiliza.”